Kioo Kilichokusudiwa Kuwa Sanamu: Uchambuzi wa Kisa cha Sebule Moja

Kisa hiki ni cha kweli. Majina, mahali na kila kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Vipimo ni vya kazi yenyewe, vimekadiriwa hadi namba ya karibu pale ambapo tofauti ndogo haibadilishi hoja.

Hali ilivyokuwa

Wenye nyumba walitaka kuondoa picha kubwa iliyokuwa juu ya sofa na kuweka mahali pake kazi ya vioo yenye umbo: vipande vilivyoinuka na kulala, vingine vya mviringo, vyote vikisomeka kama sanamu moja. Hawakutaka kioo cha kujitazama. Chooni walikuwa nacho.

Sebule ilikuwa na kina cha m 4.2 kutoka ukuta wa sofa hadi ukuta wa mbele. Dari lilikuwa m 2.75, na taa kuu ilining'inia katikati yake. Ukuta wa mbele ulikuwa karibu wote dirisha, linalotazama magharibi, kioo chake kikipanda hadi m 2.5. Viti viwili vilikaa mbele ya dirisha hilo vikitazama sofa. Upande wa kushoto kulikuwa na uwazi wa ukumbi, na mwisho wa ukumbi mlango wa choo. Ukuta wenyewe ulijengwa kwa tofali za saruji zenye matundu, juu yake lipu ya takriban mm 15. Nyumbani mlikuwa na mtoto anayepanda juu ya kila kitu, na sofa lingekaa chini ya kioo.

Mbunifu alichora vipande 12 ndani ya eneo la sm 210 kwa 110, kitovu chake kikiwa sm 150 kutoka sakafuni. Tisa vilikuwa bapa, vyenye pande zisizolingana. Viwili vilikuwa vioo mbinuko, yaani vilivyotokeza mbele katikati, vyenye kipenyo cha sm 30. Kimoja, ndicho kivutio cha kazi nzima, kilikuwa kioo mbonyeo chenye kipenyo cha sm 45, mfano wa sahani pana isiyo na kina, kwenye ncha ya kulia.

Kazi ilivyofanywa

Uzito ulihesabiwa kwanza, na hapo mbunifu alistahili sifa, kwa kuwa wengi huuhesabu baada ya kununua skrubu. Kioo cha kawaida kina kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Vipande bapa vya mm 4 vilifika jumla ya mita za mraba 1.1, yaani kilo 11. Vile vya mviringo viliongeza kilo 3. Ubao wa mgongo wa MDF (unga wa mbao ulioshindiliwa) wa mm 18 ulikuwa kilo 20, kabari na vishikio kilo 5. Jumla kilo 39. Angalia uwiano huo: zaidi ya nusu ya uzito ni mbao zilizojificha nyuma.

Kwa sababu ya uzito huo, kazi iligawanywa katika paneli tatu za kilo 13 kila moja. Watu wawili waliweza kuinua paneli bila kukaza misuli, na iliweza kupita mlangoni. Mipaka ya paneli ilifuata nafasi za mm 7 zilizokuwa tayari kati ya kipande na kipande, kwa hiyo jicho halikuona kiungo.

Akriliki, plastiki inayong'aa kama kioo, ilifikiriwa ikakataliwa. Uzito wake hauzidi nusu ya ule wa kioo na haivunjiki kwa makali, lakini karatasi nyembamba ya akriliki hufuata kila mkunjo wa kinachoishikilia, na taswira inayumba. Pia hukwaruzwa na kitambaa chenye vumbi. Badala yake kioo kilibandikwa filamu ya usalama mgongoni, ili kikivunjika vipande vibaki vimeshikana. Kwa kazi inayoning'inia juu ya vichwa vya watu, uamuzi huu haukuwa na mjadala.

Filamu ina gharama yake ambayo si ya fedha. Ukishaibandika, gundi haishiki tena kioo, inashika filamu. Nguvu ya kiungo chote inakuwa nguvu ya gundi ya filamu. Kwa hiyo kila kipande bapa kiliwekwa pia juu ya vishikio viwili vidogo vya umbo la L, vya chuma kisichoshika kutu, vyenye plastiki laini kati ya chuma na kioo. Gundi ilikizuia kipande kisiegemee mbele, na uzito ukabebwa na vishikio. Mbunifu hakuvipenda kwa kuwa vilionekana kwa mm 3 ukikaribia. Fundi vioo alisimama imara, akashinda.

Miinamo ilitolewa kwa kabari za plaiwudi. Kipande chenye upana wa sm 30 kikiinamishwa nyuzi 6 kinahitaji kabari yenye unene wa mm 32 upande mmoja na sifuri upande wa pili. Nyuzi 12 zinahitaji mm 64. Michoro ilikuwa na miinamo hadi nyuzi 12, na kilele cha kazi kilitoka ukutani karibu sm 9.

Kabla ya kukata kioo, kielelezo cha ukubwa halisi kilitengenezwa kwa maboksi ya katoni na kutundikwa kwa wiki moja. Wenye nyumba walikizunguka, wakasogeza vipande viwili, wakaridhika na umbo.

Utundikaji ulikwama siku ya kwanza. Drili iliwekwa kwenye hali ya kugonga, na katika tofali yenye matundu ncha ilipasua kuta nyembamba za ndani. Matundu manne yalitoka mapana kuliko plagi za plastiki, na skrubu zikazunguka bila kukaza. Kazi ilisimamishwa. Siku iliyofuata matundu mapya yalichimbwa bila kugonga, zikatumika plagi ndefu ambazo hujikunja na kufanya fundo ndani ya uwazi wa tofali. Kila paneli ilining'inia kwa vipande viwili vya mbao vilivyochanwa kwa nyuzi 45, kimoja ukutani na kingine mgongoni mwa paneli, vikifungana kwa uzito wenyewe. Upande wa chini wa kila paneli ulipewa vipande vya mpira vya unene uleule wa mbao hizo, ili paneli isilale kuelekea ukutani.

Mwisho wa siku ya pili kazi ilikuwa ukutani. Gundi ya silikoni iliyoletwa ilikuwa imeisha kabla vioo mbinuko viwili havijabandikwa, na fundi akatumia kopo lililokuwa kwenye gari, la kuzibia bafu.

Kilichotokea baadaye

Malalamiko ya kwanza yalikuja usiku uleule taa zilipowashwa. Aliyekaa kwenye kiti cha dirishani alitazamana na balbu ya dari katika vipande viwili kwa pamoja. Kipande kingine, kilichogeuzwa kushoto, kilimwonyesha mlango wa choo. Vipande vitatu zaidi vilionyesha dari jeupe, na kwa sababu hiyo vilionekana kama vipande vya kadi nyeupe. Umbo lilikuwa lilelile la katoni. Kilichokosekana ni uhai wa kioo.

Mwezi wa tatu tangu kazi itundikwe, vioo mbinuko vyote viwili viliota madoa ya kahawia. Madoa yalikuwa ndani, nyuma ya kioo, na hayakufutika. Vipande bapa havikuwa na hata doa moja.

Tatizo la tatu lilichelewa zaidi na lilikuwa kubwa kuliko yote. Msimu ulipogeuka, wenye nyumba walikuta kifuniko cha kitambaa cha taa ya kusimama, iliyokuwa pembeni ya sofa, kimeungua. Walidhani ni balbu. Lakini balbu huunguza kutoka ndani, na hapa ndani kulikuwa kusafi. Alama ilikuwa nje, mstari mwembamba wa urefu wa takriban sm 9 uliopanda kwa mshazari. Alama ya balbu haipandi. Inayopanda ni ya kitu kinachosogea, na kitu pekee kilichosogea chumbani jioni kilikuwa jua.

Hatua zilizochukuliwa

Kioo mbonyeo kilifunikwa kwa kitambaa kizito siku hiyohiyo, kikashushwa kesho yake. Hakuna kipimo kilichosubiriwa. Nafasi yake ilijazwa na kioo mbinuko cha kipenyo kilekile.

Vioo mbinuko vilivyoota madoa vilitupwa. Utando wa fedha nyuma ya kioo ukishaliwa haurudishwi kwa kusafisha. Vipya vilibandikwa kwa silikoni isiyotoa asidi, katika mistari mitatu ya wima, yenye nafasi ya kupitisha hewa.

Kuhusu miinamo, kielelezo cha pili kilitengenezwa, cha aina tofauti na cha kwanza. Kila kabari ilibandikwa kioo kidogo cha mkononi na kushikiliwa ukutani kwa utepe wa karatasi, huku mtu mmoja amekaa kwenye kiti cha dirishani, mwingine amesimama kwenye uwazi wa ukumbi, na taa zote zimewashwa. Iliandikwa kipande kwa kipande kinachoonekana. Kabari sita zilibadilishwa. Kwa kuwa paneli zilitoka ukutani kwa kuinuliwa tu, mabadiliko yalifanyika juu ya meza, bila kugusa tundu hata moja la ukuta.

Uchambuzi

Tuanze na miinamo, maana ndiyo kiini cha kazi za aina hii. Kioo kikigeuzwa kwa nyuzi fulani, mwanga unaorudi hugeuka mara mbili ya hizo. Kipande kilichogeuzwa kushoto nyuzi 8 hupeleka macho nyuzi 16, na kwa umbali wa m 4 huo ni msogeo wa sm 115. Mbunifu anayechagua mwinamo kwa kuangalia tu jinsi kipande kinavyopendeza kutoka ubavuni amechagua pia, bila kujua, ni mlango gani utaonekana.

Hesabu ya balbu ni rahisi vilevile. Jicho la aliyekaa lilikuwa sm 115 kutoka sakafuni, na umbali wa m 3.2 kutoka kwenye kioo. Mstari wa jicho lake hufika kwenye kipande cha sm 150 ukipanda kama nyuzi 6. Kipande kikisimama wima, mstari huendelea kupanda nyuzi hizohizo 6 kuelekea dirishani. Kikilala nyuma nyuzi 12, huongezwa 24, jumla nyuzi 30, na nyuzi 30 kutoka kwenye ukuta ule huishia katikati ya dari, palipo na taa. Ukikifanya kiiname mbele nyuzi 6, mstari hushuka na kuonyesha viti na waliokaa. Kwa hiyo mwinamo wa kwenda nyuma ulipunguzwa hadi nyuzi 3 zisizozidi, na ule wa kwenda mbele ukaongezwa. Kazi ikajaa rangi za zulia, nguo na watu wanaopita. Ndiyo maana kielelezo cha katoni kilikuwa na faida ndogo: katoni hupima umbo na nafasi ukutani, lakini haisemi chochote kuhusu kile ambacho sanamu ya kioo imetengenezwa nacho, yaani vitu vilivyo mbele yake.

Kilichookoa hali ni vioo mbinuko. Hivi havijali sana mwinamo, kwa kuwa hukusanya chumba kizima ndani ya duara dogo. Mchoraji Jan van Eyck alikiweka kimoja nyuma ya wenzi katika mchoro wake wa 1434, kikionyesha chumba chote pamoja na watu walioko mlangoni. Katika kundi la vipande bapa vyenye miinamo mingi, mbinuko mmoja au miwili humpa mtazamaji mahali pa kutua. Zikiwa nyingi, kazi hugeuka duka la vioo vya pembezoni mwa barabara.

Sasa sahani mbonyeo. Kioo cha aina hii hukusanya miale ya jua umbali wa nusu ya nusu-kipenyo cha tufe ambalo mkunjo wake ni sehemu yake. Anayenunua mara nyingi hapewi namba hiyo, ila anaweza kuipata kwa rula. Laza rula juu ya mdomo wa sahani, pima kina katikati, kisha gawanya mraba wa nusu ya kipenyo kwa mara nne ya kina. Sahani hii ilikuwa na kina cha mm 16 tu. Mraba wa mm 225 ukigawanywa kwa 64 unatoa takriban mm 790. Miale ilikutana karibu sm 80 mbele ya ukuta, na kifuniko cha taa kilisimama hapohapo.

Je, moto ulitosha? Doa la mwanga likiwa na kipenyo cha sm 2, eneo la sahani ni zaidi ya mara 500 ya eneo la doa. Hata ukiondoa kinachopotea kwenye kioo cha dirisha na ukungu wa jua la jioni, kitambaa hakina nafasi. Doa hilo lilikuwa likisogea kama mm 3.5 kwa dakika, kwa hiyo kila sehemu ya kitambaa ilikaa ndani yake kwa dakika tano hivi. Jua linaposhuka, mteremko wa miale inayorudi hupungua, doa likapanda. Huo ndio mstari wa mshazari. Kanuni ni ileile iliyoyeyusha sehemu za magari mitaani London mwaka 2013, pale ukuta wa vioo uliobonyea wa jengo la 20 Fenchurch Street ulipokusanya jua barabarani.

Kwa nini hakuna aliyeona mapema? Miezi ya kwanza jua lilikuwa likitua pembeni, nyuma ya jengo la jirani. Ili miale ifike kwenye sahani iliyo sm 150 juu, ikipitia dirisha la m 2.5 lililo m 4.2 mbali, jua linapaswa kuwa chini ya nyuzi 13 hivi, yaani chini ya saa moja kabla ya kuzama, tena likiwa limeelekeana na dirisha. Jaribio la siku moja haliwezi kugundua jambo la namna hiyo. Njia salama ni kuhesabu njia ya jua kwa mwaka mzima, au kukubali kwamba kioo mbonyeo hakiwekwi kwenye ukuta wowote unaoweza kuona anga. Anayetaka kupima kwa tochi akumbuke kuwa tochi iliyo m 4 mbali hukusanya mwanga m 1 mbele ya sahani hii, si sm 80. Tochi itakupa mwelekeo sahihi na umbali usio sahihi.

Sahani haikupotea. Ilihamishiwa mwisho wa ukumbi, pasipo na dirisha, na huko inafanya kazi nzuri kuliko sebuleni. Anayekuja kwa mbali hujiona kichwa chini. Akiwa kati ya m 1.6 na sm 80, taswira huvurugika. Akikaribia zaidi ya hapo hujiona wima na mkubwa. Ukumbi unamlazimu mtu apite umbali wote huo, jambo ambalo sofa lilikuwa likimzuia.

Madoa ya kahawia yana maelezo mafupi. Mwaka 1835 mkemia Justus von Liebig alionyesha namna ya kuigandisha fedha kwenye kioo kwa kemikali, na vioo vingi vya nyumbani hadi leo hutegemea utando huo wa fedha, mwembamba kuliko elfu moja ya milimita, uliofunikwa kwa rangi ya kinga. Silikoni ya bafu inapokauka hutoa asidi ya siki. Harufu yake inatosha kuitambua. Ikipakwa mgongo mzima wa kioo, kama ilivyofanyika hapa, asidi haina pa kutokea, hupenya rangi na kuila fedha. Vipande bapa visingeonyesha madoa upesi hata kama vingebandikwa kwa gundi hiyo, kwa kuwa vilikuwa na filamu. Filamu hailali vizuri juu ya mgongo uliobinuka pande zote, kwa hiyo vioo mbinuko vilikuwa uchi. Gundi mbaya ilitumika mahali pekee pasipo na kinga. Makopo mawili ya ziada ya gundi sahihi yangegharimu sehemu ndogo sana ya bei ya vioo hivyo.

Kuhusu ukuta, watu wengi huogopa uzito wa kilo 39, na kwa kweli uzito haukuwa shida. Kitovu cha uzito wa kila paneli kilikuwa sm 5 hivi kutoka ukutani, na umbali kati ya mbao za kutundikia na mpira wa chini ulikuwa sm 40. Nguvu inayovuta skrubu nje ni 13 mara 5 gawanya kwa 40, chini ya kilo 2 kwa paneli nzima. Ukuta dhaifu ungeibeba. Lakini hata ukuta imara haubebi chochote kama plagi inazunguka ndani ya tundu lililopasuka, na ndiyo maana kusimamisha kazi siku ya kwanza kulikuwa uamuzi bora kuliko kujaza matundu kwa gundi na kuendelea.

Taa nayo ilihitaji kurekebishwa. Mpango wa awali ulikuwa na taa mbili za kumulika kioo, lakini kioo bapa kikimulikwa hurusha mwanga kwingine na chenyewe hubaki cheusi. Taa hizo zilielekezwa kwenye ukuta wa pembeni kwa mshazari. Kingo zilizosuguliwa zikashika mstari wa mwanga, na vivuli kati ya vipande vikaonyesha kina. Ubao wa mgongo, uliopakwa rangi ya kijivu kizito kabla ya vipande kubandikwa, ulisaidia: kama ungekuwa mweupe, nafasi za mm 7 zingeonekana kama nyufa.

Hali ilivyo sasa

Vipande vilivyobadilishwa havijapata madoa. Usafi hufanywa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na dawa hainyunyizwi moja kwa moja juu ya kioo, kwa sababu matone hushuka hadi kwenye vishikio vya L na kukaa hapo, ukingo wa chini ukaanza kuwa mweusi. Vumbi hukusanyika juu ya kabari nene kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa, na brashi ya rangi yenye nywele laini ndiyo pekee inayofika huko.

Kipande cha saba bado kinaonyesha kona ya mlango wa choo kwa anayekaa kwenye kiti cha kulia. Kukirekebisha kungehitaji kukata kabari mpya na kusogeza kipande jirani, kwa hiyo wenye nyumba wamechagua kufunga mlango.